Van's RV-7: ndege ya kujiundia inayokaa karibu mno na mstari wake mwekundu

Hukumu kwanza. RV-7 ni miongoni mwa ndege bora za viti viwili ambazo mtu anaweza kujiundia karakanani kwake, na udhaifu wake mkubwa ni kile kile kinachoiuza: haina ukinzani wa kuizuia. Rubani aliyefunzwa kwenye Cessna 172 amezoea ndege inayonung'unika ukiinamisha pua. RV-7 hainung'uniki, inakwenda tu. Kwa hiyo hatutakaa sana kwenye rangi, viti wala redio. Tutakaa kwenye kasi: mipaka aliyoiweka mbunifu, inavyosomwa vibaya, na unachopaswa kukagua kabla ya kununua seti ya vipande au ndege ambayo mtu mwingine ameshaiunda.

Kwa asiyeijua, RV-7 inatengenezwa na Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, Marekani, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ni ya aluminiamu na ribiti, viti viko ubavu kwa ubavu, bawa lina eneo la futi za mraba 121 na uzito wa juu kabisa ni ratili 1,800. Ile yenye gurudumu la mbele inaitwa RV-7A. Injini ni Lycoming ya nguvu farasi 150 hadi 200. Inapiga sarakasi ikiwa haijazidi ratili 1,600, na katika uzito huo imebuniwa kubeba +6 g na -3 g, yaani mara sita ya uzito wake kwa juu na mara tatu kinyumenyume.

Kampuni yenyewe imepita kwenye dhoruba. Desemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, mwaka 2024 ikatoka, na bei za seti zikapanda. Kabla ya hapo kulikuwa na tatizo la vipande vilivyotobolewa matundu kwa leza badala ya mashine ya kupiga, baadhi vikafanya nyufa kwenye kingo za matundu. Ukiuziwa seti ya mkono wa pili iliyonunuliwa miaka ya 2022 na 2023, dai orodha ya vipande hivyo na uthibitisho kwamba vilibadilishwa. Hilo tu kuhusu biashara.

Namba za mbunifu

Van's hutoa mipaka kwa maili kwa saa. Ndege nyingi siku hizi zina skrini za noti, yaani maili za bahari kwa saa, kwa hiyo tunaziweka zote mbili. Flapu nusu, digrii 20, zisishushwe juu ya 110 mph (noti 96). Flapu zote, digrii 40, zisizidi 100 mph (noti 87). Kasi ya kuchezesha ndege, Va, ambayo chini yake bawa linaacha kubeba kabla ya kuzidiwa na mzigo, ni 142 mph (noti 123). Mwisho wa ukanda wa kijani kwenye geji, Vno, ni 193 mph (noti 168); juu yake ni ukanda wa njano, wa hewa tulivu tu. Mstari mwekundu, Vne, kasi isiyovukwa kamwe, ni 230 mph (noti 200).

Hapo kwenye 230 ndipo watu wengi wanapojikwaa. Van's wanaihesabu kama kasi halisi, yaani kasi ambayo ndege inapasua hewa, si ile inayosomwa na geji. Usawa wa bahari, siku ya kawaida, hizo mbili zinalingana. Ukipanda zinaachana, na zinaachana upande mbaya: geji inasoma pungufu.

Sababu si siri. Geji ya kasi haipimi kasi. Inapima msukumo wa hewa inayoingia kwenye mrija wa pito ikilinganishwa na hewa tulivu ya matundu ya statiki, kisha inautafsiri msukumo huo kana kwamba hewa ni ile ya pwani. Hewa ikiwa nyepesi, inabidi uende kasi zaidi ili kupata msukumo ule ule. Kwa mambo mengi hiyo ni neema: bawa linaacha kubeba kwenye namba ile ile ya geji, flapu zinaumia kwenye namba ile ile, dhoruba inalipinda bawa kwa msukumo huo huo. Ndiyo maana Va, Vno na mipaka ya flapu husomwa kwenye geji bila hesabu yoyote.

Lakini mstari mwekundu unalinda dhidi ya kitu kingine: flata. Hili ni tetemeko linalojilisha lenyewe. Aileroni (kipande cha bawa kinacholaza ndege upande), eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua) au usukani wa mkia unaanza kucheza, uchezaji unapinda bawa au mkia, mpindo unaongeza uchezaji, na katika sekunde moja au mbili kipande kinang'oka. Mtetemo mdogo huzimwa na hewa inayoukandamiza. Hewa ikiwa nyepesi breki hiyo hupungua, ilhali kasi ya kupita kwa hewa juu ya bati haijapungua. Kwa hiyo kasi ya hatari, ikipimwa kwenye geji, inashuka kadiri unavyopanda. Mhandisi wa Van's aliliandika hili wazi katika jarida la kampuni miaka mingi iliyopita, na bado kuna RV zinazouzwa leo zikiwa na geji ya duara yenye mstari mmoja mwekundu uliochorwa kwenye 230, kana kwamba ndege haitaondoka pwani.

Hizi hapa namba za kubandika mbele ya rubani. Vne ya noti 200 za kasi halisi, ikigeuzwa kuwa namba ya geji kwa urefu wa msongamano wa hewa (urefu ambao hewa ya siku ya kawaida ingekuwa nyepesi kama hiyo uliyomo): futi 4,000 ni noti 188, futi 8,000 ni 177, futi 10,000 ni 172, futi 12,000 ni 167, futi 16,000 ni 156. Tumedhani geji na matundu ya statiki ni sahihi, jambo tutakalolirudia.

Tazama ya futi 12,000. Noti 167 ni chini ya Vno ya 168. Maana yake, kuanzia takriban futi 11,500 ukanda wa njano haupo tena: unatoka kwenye kijani na kuingia moja kwa moja kwenye nyekundu. Rubani anayeamini kwamba "bado niko kwenye kijani" yuko kwenye ukingo bila kujua.

Na hapo tunazungumzia urefu wa msongamano, si wa altimita. Kila digrii moja ya joto juu ya kiwango cha kawaida inaongeza takriban futi 120. Kwa wanaorukia nyanda za juu za Afrika Mashariki hili si somo la darasani. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Adhuhuri ya nyuzi 24 urefu wa msongamano unakaribia futi 8,000, kwa hiyo magurudumu yakiwa bado ardhini mstari mwekundu wa RV-7 umeshashuka hadi noti 177. Panda hadi futi 10,000 kuvuka Bonde la Ufa, kipimajoto kionyeshe nyuzi 8, na tayari uko futi 11,500 za msongamano: ukanda wa njano umekwisha. Hata Mombasa, siku ya nyuzi 32, mstari uko kwenye 194 badala ya 200.

Nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoonekana

Linganisha. Cessna 172S ikikata mwendo kwa asilimia 75 ya nguvu kwenye futi 8,500 inasafiri kwa noti 124 za kasi halisi, kama 109 kwenye geji, na mstari wake mwekundu ni 163. Kuna noti 54 za kusamehewa. RV-7 ya nguvu farasi 180, futi 8,000, asilimia 75, inakwenda karibu noti 172 za kasi halisi, yaani 152 kwenye geji. Mstari uko kwenye 177. Umebakiwa na noti 25, na ndege ina ukinzani mdogo wa kukutetea.

Hesabu ya juu juu inatosha kuonyesha zinavyoliwa. Acha nguvu kama ilivyo na anza kushuka kwa futi 500 kwa dakika: kasi halisi inatulia karibu noti 185. Shuka kwa 1,000 kwa dakika: karibu 195. Shuka kwa 1,500: umevuka 200 bila kugusa kitu kingine chochote. Na ukiinamisha pua ghafla kwa digrii 10 tu, labda ukitafuta tundu kwenye mawingu, zile noti 28 za kasi halisi zilizobaki zinamalizika kwa takriban sekunde kumi.

Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza kwamba kwenye RV-7 mteremko hupangwa mapema. Ukiwa na futi 6,000 za kushusha na unataka futi 500 kwa dakika, unahitaji dakika 12. Kwa noti 180 hiyo ni maili za bahari 36 kabla ya uwanja. Punguza nguvu kwanza, ndipo ushushe pua. Propela yenye kubadilisha pembe inasaidia sana, maana ukirudisha throto inageuka breki. Ile ya pembe moja haifanyi hivyo. Injini inazungushwa na upepo na mizunguko inapanda, kwa hiyo kuna mistari miwili mekundu ya kulinda kwa wakati mmoja. Ukiweza kulipia propela ya kubadilisha pembe, ilipie, na sababu kubwa si kupaa haraka.

Kwenye hewa chafu, kaa chini ya Vno na usitafute kisingizio. Uzito wa ratili 1,800 kwenye futi za mraba 121 ni chini kidogo ya ratili 15 kwa kila futi ya mraba. Mapigo ya hewa ya mchana yanasikika. Ukanda wa njano ni wa asubuhi tulivu tu.

Va nayo inaeleweka vibaya. Noti 123 ni kwa ratili 1,600. Ukiwa peke yako na mafuta nusu, tuseme ratili 1,300, hesabu ya kawaida (mzizi wa uwiano wa uzito) inaishusha hadi noti 111. Ndege nyepesi inafikia mzigo wa mwisho haraka zaidi. Tena kinga ya Va ni kwa kuvuta usukani mmoja, upande mmoja, mara moja. Kuutikisa mkia kushoto na kulia kwa nguvu zote hakumo kwenye ahadi hiyo. Mwaka 1998 ndege ya maonyesho ya kampuni, RV-8, ambayo ni ndugu wa karibu wa RV-7, ilivunjika bawa angani huko California. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, walihitimisha kwamba eleveta ilivutwa ghafla na mzigo ukapita uwezo wa bawa. Usukani wa RV ni mwepesi kama wa toi. Rubani mgeni anauvuta kwa mkono mzima wakati vidole viwili vinatosha.

Geji yako inasema kweli?

Hapa ndipo ndege ya kujiundia inapotofautiana na ya kiwandani. Kwenye Cessna mtu mwingine ameshapima makosa ya geji na kuyachapa kwenye kitabu. Kwenye RV-7, kitabu ni wewe. Muundaji akihamisha matundu ya statiki inchi chache, au akibadilisha umbo lake, geji inaweza kupotoka kwa noti kadhaa. Van's walibuni matundu kwa ribiti za kichwa cha mviringo zilizotolewa ule msumari wa katikati. Kichwa kile kinachochomoza kidogo kina kazi. Waundaji wanaopenda unadhifu huweka matundu bapa yaliyosawazishwa na bati, kisha wanashangaa kwa nini kasi na urefu havilingani na vya wenzao. Ukikagua ndege ya kununua, tazama kwanza hapo, pande mbili za kiwiliwili nyuma ya viti.

Kupima geji yenyewe hakuhitaji fundi wa mbali. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, urefu kama mita mbili na nusu, uukunje kama herufi U na kuusimamisha kwenye ubao wenye rula. Jaza maji yenye rangi hadi katikati ya nguzo zote mbili. Mwisho mmoja uunganishe na pito, mwingine uachwe wazi na uinuliwe taratibu. Tofauti ya urefu kati ya nguzo mbili za maji ikiwa milimita 166, geji isome noti 100. Milimita 474 ni noti 168. Milimita 676 ni noti 200. Ikisoma pungufu kwenye 676, tuseme 193, basi siku ukiona 200 uko mbali zaidi ya 200. Rekebisha au ubadilishe. Usipulize pito kwa mdomo na usiruhusu maji yafike kwenye mrija wa ndege.

Ukiwa na mpira huo bado umeunganishwa, ubane kwenye 474 na usubiri dakika moja. Sindano ikishuka, kuna mvujo kwenye mstari wa pito, na mvujo wa pito ndio mbaya zaidi: unaifanya geji isome chini ya ukweli. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni kiungio kwenye mzizi wa bawa na kile cha nyuma ya dashibodi kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kuvuja kwa statiki ndani ya chumba cha rubani kwa kawaida hufanya geji izidishe, maana hewa ya ndani huwa na msukumo mdogo kuliko ya nje.

Kuhusu kuziba: nyigu wa matope wanapenda mrija wa pito kuliko nyumba yoyote. Kifuniko chenye utepe mwekundu kila unapoegesha, hata kwa saa moja. Tundu la statiki likizibwa, kwa mfano na gundi ya karatasi ya rangi iliyosahaulika, geji itasoma pungufu unapopanda na kuzidisha unaposhuka. Ukiona kasi ya mteremko haiendani na sauti ya upepo kwenye kioo, iamini sauti.

Kisha pima angani. Hewa tulivu, asubuhi, urefu mmoja, kasi moja ya geji. Elekeza pua kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Kila upande tulia dakika mbili na uandike kasi ya ardhini ya GPS. Upepo ukiwa mdogo, wastani wa namba nne ni kasi yako halisi kwa makosa madogo sana. Igeuze kwa joto na urefu kuwa namba ya geji, linganisha na ulichokiona kwenye dashibodi, na hilo ndilo kosa la matundu yako ya statiki. Rudia kwa noti 100, 130 na 160. Safari moja inatosha.

Skrini za kisasa zinazoonyesha kasi halisi ni msaada mkubwa, na baadhi yake hukuruhusu kuweka Vne kama kasi halisi, hivyo mstari mwekundu unateremka wenyewe kadiri unavyopanda. Tunaipendelea kuliko geji ya duara. Lakini inahitaji kipimajoto cha nje kilichowekwa vizuri: kikikaa karibu na hewa ya moto ya injini kitadanganya, na kasi halisi itadanganya nacho. Mahali pazuri ni chini ya bawa au ya mkia. Mwenye geji ya duara abandike kadi ya namba tulizozitoa juu, mahali inapoonekana bila kutafuta.

Kinacholeta flata mapema

Noti 200 ni ahadi ya mbunifu kwa ndege iliyoundwa kama michoro inavyosema. Ukibadilisha uzito wa nyuso zinazochezea upepo, ahadi imekwisha.

Aileroni ya RV-7 ina bomba la chuma kwenye ukingo wa mbele, na eleveta zina vipande vya risasi kwenye pembe zake za nje. Kazi yake ni kuhakikisha uso ukining'inizwa kwenye bawaba haulalii nyuma. Rangi ndiyo adui. Tabaka moja zaidi, kisha mistari ya mapambo, kisha laka, zote nyuma ya bawaba. Pima baada ya rangi, si kabla: fungua fimbo inayosukuma eleveta, hakikisha bawaba ni laini, funga milango ya karakana upepo usipite, na uiache. Ikibaki sawa au pembe ya mbele ikishuka kidogo, ni sawa. Ukingo wa nyuma ukishuka, kuna risasi iliyochongwa zaidi ya inavyotakiwa au rangi iliyozidi. Upande wa kushoto upimwe pamoja na kipande cha trimu (kile kidogo cha ukingo wa nyuma kinachompunguzia rubani nguvu za kushika fimbo) na mota yake, kama viko humo.

Kipande hicho cha trimu ndicho tunachokikagua kwanza kwenye ndege iliyokwisha kutumika. Kishike ukingo wa nyuma na ukichezeshe juu na chini huku eleveta imeshikwa. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kuhusu flata unataka mchezo usizidi asilimia 2.5 ya upana wa kipande kutoka kwenye bawaba. Kikiwa na upana wa milimita 100, hiyo ni milimita 2.5 jumla. Zaidi ya hapo, badilisha pini ya bawaba au kiungio cha fimbo. Pini iliyolika ni jambo la bei ndogo sana ukilinganisha na inachoweza kung'oa.

Mengine: nati za kubana kwenye ncha za fimbo za usukani zilizolegea, washa pana iliyosahaulika kwenye kiungio cha mpira wa chuma, ambayo kazi yake ni kuzuia fimbo kutoka kabisa mpira ukichakaa, ukingo wa nyuma wa eleveta uliovimba au kupasuka kwa sababu muundaji hakuweka tone la silikoni pale vikazio vinapokutana. Kila kimoja kinaonekana kidogo.

Dai pia ushahidi kwamba taarifa tatu za huduma (SB) za Van's zilitekelezwa. SB 14-01-31 ya mwaka 2014 inahusu nyufa kwenye mhimili wa mbele wa mkia wa mlalo. SB 14-02-05 ya mwaka huo huo inahusu nyufa kwenye mihimili ya eleveta. SB 16-03-28 ya 2016 ni ya nyufa kwenye mhimili wa nyuma wa bawa, kwenye ribiti za bawaba ya ndani ya aileroni. Zote tatu ziko mahali ambapo kasi kubwa na mtetemo hula bati. Daftari lisilozitaja linapunguza bei, na kama muuzaji hataki kufungua vifuniko vya ukaguzi, ondoka.

Kupima hadi mstari mwekundu

Kwa Marekani, ndege mpya ya kujiundia hupitia kipindi cha majaribio cha saa 25 ikiwa injini na propela vimethibitishwa pamoja, vinginevyo saa 40, na waraka wa FAA wa AC 90-89 una utaratibu wake. Kwingine sheria ni za mamlaka ya nchi husika, lakini busara ni ile ile. Panda juu kiasi cha kuweza kuruka kwa parashuti, uivae kweli, na uwe peke yako. Wenye kioo cha kufunuka kwenda mbele wajue kwamba kilibuniwa kuweza kutupwa, ila waundaji wengi huacha kufunga utaratibu huo. Chagua kuufunga, walau kwa kipindi cha majaribio.

Ongeza noti 5 kila hatua, kwa kasi halisi, hewa ikiwa tulivu kabisa. Kila hatua igonge kidogo fimbo ya usukani kwa kiganja, mbele na pembeni, kisha pedali moja. Mtetemo ufe mara moja. Ukikawia kufa kuliko hatua iliyopita, umeshapata jibu lako. Rudi chini na usiongeze hata noti moja. Iwapo flata itaanza, rudisha throto na uinue pua taratibu. Kuivuta kwa hofu ni kuongeza mzigo juu ya kipande ambacho tayari kinapasuka.

Huna lazima ya kufika 200. Ukisimama kwenye 185 na kuandika 185 kama Vne ya ndege yako, hakuna utakachokosa isipokuwa majigambo.

Ununue ipi?

Tunapendekeza injini ya nguvu farasi 180 na propela ya kubadilisha pembe. Ile ya 200 inakuongezea maili chache tu za mwendo lakini inakusogeza karibu zaidi na mstari, na Van's hawapendekezi zaidi ya hapo kwa RV-7. Turbo tunaikataa kabisa kwenye fremu hii: inakupa nguvu ya pwani kwenye futi 16,000, mahali ambapo mstari mwekundu umeshashuka hadi 156 ya geji, na utauvuka katika mwendo wa kawaida bila kushusha pua.

Anayetaka kusafiri mbali na juu bila sarakasi aitazame RV-9. Bawa lake refu linapanda vizuri kwa nguvu farasi 160 au pungufu. Ila asidhani anakimbia tatizo: Vne yake ni 210 mph, noti 182 za kasi halisi, na kwenye futi 15,000 za msongamano hiyo ni noti 145 tu kwenye geji. Anayetaka viti vinne, RV-10 ina mstari wa 230 mph sawa na RV-7, pamoja na injini ya nguvu farasi hadi 260 ya kuufikia.

Ukikagua RV-7 iliyokwisha kuundwa, muulize muuzaji swali moja kabla ya kupanda: mstari mwekundu wa ndege hii ni noti ngapi kwenye geji ukiwa futi 10,000? Akijibu 200 bila kufikiri, kagua mkia kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi, ribiti kwa ribiti, ukitafuta vumbi jeusi la aluminiamu linalotoka pembeni mwa vichwa vyake.